Kurasa za Toba

Alhamisi, 6 Machi

Toba tena leo. Watu kumi na mmoja. Vidole vimekufa ganzi.

Wanaingia mmoja mmoja chumba cha nyuma ya madhabahu, wanapiga magoti mbele ya Mtume, kiongozi wa kanisa letu, wanataja dhambi zao, mimi naandika. Kila mtu na ukurasa wake. Mtume anasema maandishi yanamsaidia kumwombea kila mtu kwa jina. Yeye ni wa ng'ambo, upande wa Kenya. Kisamia chetu hakijui, kwa hiyo naandika kwa Kiswahili. Mwaka wa tatu huu. Nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko wangu.

Leo nilimpeleka Athieno, mjane wa Ojiambo, aliyekuwa mdogo wa mume wangu. Nimembembeleza miezi miwili. Tangu afiwe hana usingizi. Nilimwambia toba humpumzisha mtu. Akasema yote. Kitinda mimba wake si wa Ojiambo. Ojiambo alikuwa Juba mwaka mzima, akipakia malori. Alilia. Niliandika mistari minne.

Tulirudi kwa miguu. Njiani alicheka, kitu ambacho sijakisikia tangu msiba. Nilifurahi.

Jumapili, 9 Machi

Mtume ametangaza kuwa kanisa litapanuliwa. Shamba linalopakana nalo ni la Athieno.

Baada ya ibada alimwita, nami nikiwapo. Akamwomba amtolee Bwana lile shamba. Athieno akakataa, kwa adabu. Ana watoto wanne na hana pengine pa kulima. Mtume akatabasamu, akamwambia arudi nyumbani akamsikilize Mungu.

Wandera, mume wangu, ni shemasi. Anasema shemeji ana moyo mgumu. Miguu inaniuma.

Jumatano, 12 Machi

Soko la Busia. Mvua. Nusu ya mitumba yangu imelowa. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 16 Machi

Nina aibu na sijui niiweke wapi.

Katikati ya mahubiri Mtume alisema kuna mjane humu ndani anayelisha mtoto wa mtu mwingine kwa ardhi ya marehemu. Alipata mimba mume akiwa Juba. Jina hakulitaja. Wajane tunao watatu, na wawili ni vikongwe. Shingo zote ziligeuka. Athieno akambeba mtoto, akatoka.

Yale maneno ni yangu. "Mume akiwa Juba." Hivyo hivyo nilivyoyaandika.

Wandera hakugusa chakula. Mimi nilikula. Sijui nilikulaje.

Jumatatu, 17 Machi

Nilikwenda kwa Athieno. Alikuwa anapepeta mtama. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, cha kwao Molo, "Mimi naambia Mungu. Wewe naandikia nani?"

Nikashika njia ya nyumbani.

Egesa, kaka mkubwa wa Wandera, ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi. Anataka shamba lirudi kwa wenye damu, kisha wao walitoe kwa kanisa. Ameagiza nije na daftari nisome.

Jumanne, 18 Machi

Nilimwendea Mtume nikamwambia sitasoma. Hakukasirika. Angekasirika ningeona nafuu.

Alichukua daftari mikononi mwangu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaugeuza kwangu. Ni wangu. Mwaka ule nilitubu wa kwanza ili wengine wasiogope.

"Mama Pamela, shemasi wangu anaujua ukurasa huu?"

Haujui. Uzazi wa pili ulikaribia kuniua, kama ule wa kwanza, wa Pamela. Baada ya hapo nilichomwa sindano za kuzuia mimba kwa siri, miaka tisa. Miaka hiyo yote Wandera alifunga na kuomba apate mtoto wa kiume.

Mtume akanirudishia daftari. Hukaa kwangu, akishalisoma kwa maombi hunirudishia. Ana hakika nami kiasi hicho.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia Wandera.

Tulikuwa shambani, tunapanda karanga. Nilisema bila kumtazama, nikiendelea kudondosha mbegu. Nilipoinua kichwa jembe lilikuwa chini, naye anavuka mto kuelekea barabarani. Alirudi jioni. Hakupiga kelele. Nilitamani apige.

Toba sikwenda. Hawakutuma mtu kuniulizia.

Ijumaa, 21 Machi

Hasemi nami. Anakula ninachopika.

Jumamosi, 22 Machi

Kikao kilikuwa uani kwa Egesa. Watu kama thelathini. Mtume aliletewa kiti cha sebuleni. Athieno alikaa chini kwenye mkeka, mtoto mapajani.

Egesa akaniamuru nisome. Nikasema sisomi. Nikasema aliyoyasema mtu akiwa amepiga magoti si ushahidi wa ukoo. Nikasema pia kwamba wiki moja kabla ya yale mahubiri Mtume aliomba shamba hilo, akanyimwa, na mimi nilikuwapo.

Ndipo Mtume alipoinuka. Akawaambia wasimsikilize mwanamke aliyemfungia mume wake uzazi miaka tisa. Akaeleza yote. Mbele ya wakwe. Mbele ya watoto. Nilitazama miguu yangu, ilikuwa na tope.

Wandera akasimama. Sikutegemea.

"Hilo nalijua. Ameniambia mwenyewe."

Kisha akamgeukia kaka yake. Akamkumbusha siku Ojiambo aliporudi kutoka Juba, akamkuta mke wake na mimba, akakaa siku tatu bila kusema. Mtoto alipozaliwa akamwita Nafula, jina la mama yao. Hakulazimishwa na mtu.

"Ojiambo alijua, akampa jina la mama yetu. Nani hapa atamvua?"

Wazee wakanong'ona. Shamba linabaki kwa Athieno, ndivyo walivyosema, kwa unyonge kama watu walioamshwa. Mtume akaondoka kwa bodaboda kabla ya chakula.

Athieno alipita mbele yangu bila kunisalimu. Haki yake.

Jioni mashemasi wawili walikuja kuchukua daftari. Nikawaambia kesho.

Jumapili, 23 Machi

Wandera amekwenda kanisani peke yake. Nilidhani baada ya jana hatakwenda. Amekwenda.

Nimechana daftari. Ukurasa mmoja mmoja, taratibu, kwa wembe. Nilifikiri kuzichoma, nikaona si zangu nizichome. Nimeanza kuwarudishia wenyewe.

Jumanne, 25 Machi

Mashemasi walirudi. Niliwapa jalada. Na kila mmoja nikampa ukurasa wake. Walizikunja upesi, wakatia mfukoni, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake.

Ijumaa, 28 Machi

Siku ya sita natembea. Fundi baiskeli alichana wake palepale. Mwalimu mstaafu alinishukuru, akafunga mlango. Mama mmoja alikataa kuupokea, akasema nimemwibia Mtume, akaniita msaliti. Bibi mmoja aliuliza kama sasa dhambi zake zimerudi. Nikamwambia hapana. Mimi ni nani wa kumwambia hapana? Nilimwambia tu.

Kurasa saba wenyewe wamehama au wamekufa. Hizo nimezichoma.

Mungu sina ugomvi naye. Nimechoka na niliyekuwa nikimwandikia.

Jumapili, 30 Machi

Kanisa limejaa leo kuliko zamani. Wandera ndiye aliyeniambia. Mtume ana daftari jipya, na binti mmoja wa shule ya upili ndiye anayeandika. Watu walipanga foleni ya toba mpaka nje. Na wengine kati yao nimewarudishia kurasa zao wiki hii hii.

Nilikaa chini. Sikulia. Nilikaa tu.

Alasiri Athieno alikuja. Hajui kusoma. Alitoa ule ukurasa wake niliomrudishia, kwenye leso, akataka nimsomee. Nikasoma. Mistari minne haichukui muda.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

Aliuchukua akaenda zake. Hajanisamehe. Lakini safari hii alikaa kwenye kiti nilichompa.

Jumapili, 13 Aprili

Palizi ya kwanza. Karanga zimeshika vizuri upande wa mto, huku juu zimeota kwa kuruka ruka.

Ngoma za kanisani zilianza saa tatu. Wandera alikuwa ameshapalilia mstari wake hadi mwisho, akarudi na mwingine karibu na wangu. Hakwenda. Sikumuuliza.

Tulilima muda mrefu hivyo. Kisha akaniuliza, macho yakiwa kwenye udongo, kama wakati ule wa sindano niliogopa kufa.

Nikasema ndiyo. Sana.

Akang'oa magugu kidogo. Akasema, "Ungeniambia, na mimi ningeogopa."

Tukaendelea mpaka jua likawa kali.