Dada Analia, Mimi Natafuta Kalamu

Shangazi, shikamoo. Ukurasa wako nausoma kila Jumapili, na siku zote nilikuwa najiambia hawa wanaokuandikia hawana kazi za kufanya, leo nimejikuta na mimi nimekaa kukuandikia, basi usinicheke, nisikilize tu mpaka mwisho, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na yule niliyekuwa namwambia kila kitu ndiye tuliyekosana.

Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Watu wananiletea barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya misiba, mimi nachapa, na huko ndiko nilikopatia huu ugonjwa wa maneno, maana mtu anakuja na karatasi ameandika kwa mkono wake "baba yetu alipenda chai ya moto sana", halafu ndugu yake aliyesimama nyuma anasema futa hiyo, weka "alikuwa mcha Mungu na mpenda watu", nami nafuta huku roho inaniuma, kwa sababu mzee wa watu nilikuwa nimemwona kwenye ile chai, sasa amepotea tena. Ndipo nikaanza kuandika hadithi zangu mwenyewe jioni nikitoka kazini, kwenye chumba changu kimoja chenye kitanda, meza, jiko na vitabu vya mitumba nilivyookota barabarani, vingine havina majalada, kimoja hakina kurasa za mwisho na hicho ndicho nilichokisoma mara nyingi kuliko vyote.

Lakini Shangazi, hakuna aliyeniambia kwamba uandishi unakutenga na watu. Wenzangu kazini wakiwa wanaongea, nikikaribia wananyamaza, wanasema huyo anakuja, atatutia kwenye hadithi, wanacheka, na mimi nacheka, halafu narudi kwenye mashine yangu. Mchumba niliyekuwa naye alisema nikiongea naye anajiona yuko kituo cha polisi anahojiwa, akaenda zake. Ijumaa nikifunga kazi siongei na mtu tena mpaka Jumatatu, na mteja wa kwanza akinisalimia sauti inatoka imekwaruza mpaka nakohoa ndipo nimjibu. Upweke huu unaniumiza, sikufichi.

Aliyekuwa amebaki ni dada yangu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, ni fundi cherehani, ana kibanda chake, na ndiye msomaji wangu wa kwanza, ingawa kusoma kwenyewe anasema hana muda, kwa hiyo mimi namsomea yeye anashona, pakimchosha anakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikike, na hapo najua ni pa kukata.

Sasa sikia lililotokea. Jumamosi moja alasiri dada alikuja kwangu bila taarifa, jambo ambalo si kawaida yake, mimi ndiye huwa naenda kwake. Alikuwa ametoka hospitali kufuata majibu ya uvimbe uliomwota shingoni. Akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, yeye ambaye hunigombeza nikikalia kitanda na nguo za kazini, akaanza kulia. Sijawahi kumwona dada analia, hata kwenye msiba wa mama yeye alikuwa anahangaika na sahani za wageni. Nikamshika mkono. Akaanza kunisimulia alivyokaa kwenye benchi akisubiri kuitwa, na katikati ya kilio akasema (hapa palikuwa na sentensi, nimeiondoa, nitaeleza chini – Shangazi). Jamani, nilisisimka mwili. Nimesoma vitabu, nimechapa maneno ya watu miaka yote hii, sijakutana na sentensi ya namna ile, na nilijua kabisa kwamba nisipoiandika palepale itanitoka. Nikamwachia mkono. Nikasema, "Dada, samahani, hebu rudia hapo kwenye benchi," na mkono wangu ulikuwa tayari unapapasa mezani kutafuta kalamu.

Aliacha kulia palepale. Akanitazama, akauliza, "Nirudie nini?"

Nikasema, "Hapo tu, kama ulivyosema, usibadilishe."

Akajifuta uso na kiganja, akaokota mkoba wake, akasema, "Utamalizia mwenyewe, mwandishi." Mlango hakuubamiza, aliurudishia taratibu, na hilo ndilo linalonitesa zaidi, bora angeubamiza.

Tangu siku hiyo nikimpigia, simu inaita mpaka inakata. Nimemtumia ujumbe ambao nilikaa nao kutwa nzima nikiupunguza maneno mpaka ukanyooka, "Dada, pole kama nilikukwaza, nakuthamini," hajajibu. Nimepita kibandani kwake nikamwona ameinamia kazi, nikapitiliza kama mtu asiye na habari naye.

Na ile sentensi sikuisahau, Shangazi. Niliikumbuka yote, nikaitungia hadithi inayoanza nayo, nikaipeleka kwenye gazeti moja, na mhariri ambaye hadithi zangu zote za nyuma hakuwahi hata kusema amezipata, safari hii alinipigia mwenyewe, akasema aliposoma ule mstari wa kwanza aliweka kikombe chini, anataka kuitoa mwezi ujao. Simu hiyo nimeisubiri tangu nianze kuandika. Nilipokata nikatafuta wa kumwambia, nikakuta wa kumwambia ni dada, nikakaa na simu mkononi nikilia peke yangu. Sasa nishauri, niache hadithi itoke, au nimwambie mhariri aondoe ile sentensi, na nikiiondoa niweke nini mahali pake, maana bila hiyo hadithi yote inalegea, nimejaribu. Nategemea jibu lako. Ni mimi, Mchapaji.

*

Mchapaji, marahaba.

Barua zenu nazisoma mara ya kwanza mikono mitupu, kalamu naiacha kwenye droo. Nikiwa nayo naanza kupiga mistari kabla sijajua mtu anaumwa wapi. Yako nimeisoma hivyo, nikarudia tena hivyohivyo, natafuta kitu kimoja tu, sikukiona. Umenieleza dada yako alivyokaa, alivyojifuta uso, mlango ulivyofungwa. Mpaka kikombe cha mhariri nimekiona. Majibu ya hospitali yako wapi?

Hukuyaandika kwa sababu huyajui. Hukumuuliza siku ile, hukumuuliza kwenye ujumbe, na kibandani umepita njia. Mwenzio anatembea na maneno ya daktari peke yake, wewe unaniuliza uweke sentensi gani mahali pa sentensi. Umenikera, binti, na sitakuficha.

Halafu, kama haitoshi, maneno yake yaleyale umeyachukua ukaniletea mimi, tena na jina lake kamili, kwenye gazeti linalosomwa mpaka kwa vinyozi. Umerudia kosa lilelile katika barua ya kulilalamikia. Jina nimelifuta. Mafundi cherehani wamejaa kila mtaa, hakuna atakayemjua. Sentensi nayo nimeiondoa. Ni nzuri kweli, mhariri hakukosea, hata mimi niliiweka barua pembeni kwanza nikatazama dirishani. Lakini aliyeisema alikuwa anaumwa na anaongea na mdogo wake. Wasomaji mtanisamehe, hamtaipata.

Sasa usikae ukajiona shetani. Kupenda maneno si dhambi. Yule mzee wa chai ulimwona kuliko walivyotaka wanawe aonekane, na jicho hilo sikwambii ulitoboe. Upweke wako pia nimeusikia, hiyo sauti ya Jumatatu imenigusa, pole sana. Ila tusidanganyane. Unasema uandishi umekutenga na watu, mbona mtu alikuja na miguu yake mpaka kitandani kwako? Mkono uliuachia wewe. Kalamu haina mikono.

Na hiyo "kama nilikukwaza" achana nayo kabisa. Ulimkwaza na unajua. Ujumbe umeunyoosha kutwa nzima mpaka umetoka mkavu kama tangazo la kukatika maji.

Fanya hivi. Leo, kabla hujala, mpigie mhariri umwambie hadithi isitoke. Si mstari wa kwanza, hadithi nzima. Atanuna, huenda asikupigie tena, na itakuuma. Iache ikuume. Usimpelekee dada yako habari hiyo kama zawadi, ukamwambia ona nilivyojinyima kwa ajili yako. Wala usiende kumwomba ruhusa. Mgonjwa akiombwa kitu hutoa tu ili aachwe apumzike. Kama iko siku atakwambia kwa kinywa chake kaandike, utaandika. Asiposema, utaishi bila hiyo, na utatafuta nyingine kama waandishi wenzako wote wanavyotafuta.

Kesho ukitoka kazini nenda kibandani, na usipitilize. Njiani usitunge utakachosema, nakujua, utafika nacho kimenyooka. Kaa kwenye kigoda cha wateja. Ataendelea kushona kama hakuna mtu aliyeingia, mwache ashone. Ukiona nguo ni ndefu, shika upande wa pili umvutie, ili mikono yako iwe na kazi. Akipumzika mwambie, "Dada, nilikuachia mkono, nisamehe. Daktari alisemaje?" Halafu funga mdomo. Akinyamaza, nyamaza naye mpaka saa ya kufunga, kisha mfungie milango, mbebee mkoba, msindikize nyumbani. Kesho yake rudi. Akikutukana, vumilia, ana haki. Akianza kusimulia na ukasikia neno zuri, liache lipite. Na kama amepangiwa siku ya kurudi hospitali, mwambie bosi wako hupo, atafute mtu wa kuchapa.

Atakachokujibu usiniandikie. Nitatamani sana kujua, lakini hilo si la gazeti.