Jicho Langu Halifumbi

Johannesburg,
Jumapili mchana

Kwako Dada Veronika,

Shikamoo dada. Hapo Butimba mnaendeleaje? Mguu wa shemeji umepona? Na mama huko Misungwi, bado anaanika michembe ya viazi mwenyewe, au amekubali kusaidiwa?

Mimi nikisema sijambo nitakuwa nimekudanganya kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ni ile barua niliyokuandikia kwamba nina malaria. Haikuwa malaria, dada. Nilipasuliwa uso, tena kwa hiari yangu.

Unavijua vile vifuko vya chini ya macho tulivyorithi kwa marehemu baba. Hapa saluni wateja walikuwa wakiniuliza, "Mbona umelia?" wala sikuwa nimelia. Mama mwenye saluni akasema sura ya uchovu inafukuza wateja, na kwamba yuko daktari anayevitoa upesi, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nina miaka arobaini na mitatu. Niliogopa kuachishwa kazi, nikaenda.

Nyuzi zilipotolewa, ukope wa chini wa jicho la kulia ukaanza kuvutika, kila siku kidogo, mpaka ule wekundu wa ndani ukawa nje. Daktari alikata ngozi kupita kiasi. Sasa jicho halifumbi. Nalala nimelibandika plasta, na nikiamka linawasha kama limetiwa mchanga, naona ukungu tu. Nilimrudia yule daktari mara tatu. Mara ya tatu nikakuta mlango una kufuli. Mlinzi akaniambia, "Amehama, mama. Hata mimi sijui alikoenda."

Hospitali ya serikali niliiogopa, maana kibali changu cha kukaa hapa kimekwisha muda wake. Nikajifungia chumbani wiki mbili. Aliyenitoa ni Esnati, Mmalawi ninayefanya naye kazi. Alinitazama, akasema, "Wakikurudisha kwenu, utarudi na macho mawili. Ukijificha hapa, utabaki na moja." Akanishika mkono mpaka kwenye foleni.

Daktari wa pale ni mzee mpole. Alinimulika, akauvuta ukope kwa kidole. Akasema kwenye mboni kumeanza kidonda. Atachukua ngozi nyuma ya sikio, aishone kwenye ukope.

Unajua nilimuuliza nini, dada? Naona aibu kukuandikia. Nilimuuliza, "Sura yangu itarudi kama zamani?"

"Hapana," akasema. "Patabaki kiraka, na rangi haitalingana. Mimi natafuta jicho lifumbe."

"Na likikataa?"

"Ndiyo maana sitaki tuchelewe."

Kibali hawakuniuliza. Waliuliza ndugu wa karibu ni nani, nikaandika jina lako. Nililiandika vibaya hata nesi akaomba niandike upya.

Upasuaji ni Jumanne asubuhi. Watanichoma ganzi tu, hawatanilaza usingizi, kwa hiyo nitakuwa nasikia kila kitu. Naogopa, dada. Hata nilipokuwa namzaa Bertha sikuogopa hivi.

Mama mwambie wewe mwenyewe, asisomewe na mtu mwingine. Najua atasema nimerogwa, na atataka kwenda kwa mganga. Mwambie hakuna aliyeniroga, nilikwenda kwa miguu yangu. Bertha mwambie polepole, ili siku akiniona asishtuke. Nakushukuru kwa kumlea.

Nisalimie shemeji na wanachuo anaowafundisha, mjomba mwenye shamba la pamba, na jirani yetu Mama Kulwa. Mwambie nawakumbuka pacha wake. Esnati naye anakusalimu, ingawa hamjuani.

Barua kutoka huku huchukua wiki tatu. Utakapoisoma hii, Jumanne itakuwa imepita zamani, na jicho litakuwa limeshaamuliwa, na wewe bado hujui. Niombee hivyo hivyo, dada. Usiseme umechelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Leokadia