Mkanda Uliobaki Kwenye Boksi

Mwenzangu uko wapi, pokea simu!!



Unajua kaka amefungiwa tabo, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya injini, kwenye lile gari la marehemu baba, eti liwe linapaa. Fundi akamwambia mkanda wa injini umechoka, kwa nguvu hizo mpya utakatika na gari lizime ghafla mwendoni, lazima ubadilishwe. Kaka akanunua mpya. Leo karudi anatamba, "Kila kilichochoka kimetoka!"

Sasa yule fundi ana kawaida ya kukurudishia kifaa cha zamani ndani ya boksi la kipya, ili uamini amebadilisha.

Boksi alilorudi nalo kaka nimelifungua sasa hivi nikitaka kulitupa.

Mkanda uliomo ni MPYA. Mpya! Hauna hata doa la grisi.

Nimempigia fundi. Akaropoka, "Mungu wangu, nimerudishia kwenye injini ule wa zamani ulioanza kuchanika."

Ulioanza kuchanika!

Na kaka yuko barabara kuu analijaribu gari. Mama yumo, kasema anapunga upepo.

Nimempigia kaka. Simu ikaita hapa hapa, mezani jikoni.

Nikapiga ya mama, imejipokea mkobani mwake. Napiga kelele hawanisikii. Nasikia injini inanguruma, na mama anacheka, "Ongeza, mwanangu, ongeza!"