Namba Chini ya Kigoda cha Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie maana nimekwama, mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, juzi nilikuwa nasafisha kigoda cha marehemu baba mkwe, kile anachokalia mama mkwe akichambua maharage, nikakigeuza nikaanza kukisugua kwa waya wa sufuria, chini ya masizi ikatokea alama nyeupe yenye namba za wino, na mimi kwa ujinga wangu nikazidi kusugua mpaka namba mbili zikafutika, ndipo nikakumbuka kwamba mzee alikuwa mtunza ghala wa makumbusho, ambako kila kitu huandikwa namba kama hizo. Nikamwonyesha mume wangu, akasema, "Malizia kusugua, mama watoto, kuna mtu anakitaka." Mama mkwe naye anaapa ni zawadi ya kustaafu. Sasa kinachonitesa ni mlinzi wa zamani wa makumbusho hayohayo, jirani yetu nyumba ya tatu, alifukuzwa kazi kwa sababu ya kigoda kilichopotea, na mpaka leo mtu akipotelewa hata na ndoo macho yote kwake, nami kila asubuhi namwamkia na ananiitikia vizuri tu. Nikisema, namvua nguo marehemu na ndoa yangu inayumba, nikinyamaza nitamwamkiaje?

Mkwe Mwenye Waya

Mkwe, kwanza weka huo waya chini. Pole, hukuiba wewe. Ulipofuta zile namba mbili hukujua. Ukifuta zilizobaki leo unaficha wizi kwa mikono yako mwenyewe, na hilo "mama watoto" lisikulainishe.

Muulize mama mkwe kwa adabu barua ya zawadi iko wapi. Makumbusho hayatoi mali yake kwa maneno matupu. Ikiwepo, nitakuomba radhi hapahapa gazetini. Isipokuwepo, kaa na mumeo mbele ya mama yake, mwambie kigoda hakiuzwi, kinarudi makumbusho. Afadhali mkipeleke wenyewe kuliko kufuatwa na polisi. Mwoneni wakili kwanza, kisha andikeni mlivyokipata, namba zilizobaki, na kwamba nyingine umezifuta wewe. Marehemu usimwite mwizi, hujui alikichukuaje. Andika unachokijua tu.

Halafu usijidanganye kwamba kazi imeishia pale mapokezi. Dai hati ya kupokelewa, yenye tarehe na muhuri, utoe nakala. Kesho yake usimwamkie jirani ukapita. Piga hodi, mpe ile nakala, umwache aisome mwenyewe.