Kahawa Iliyoharibu Kipimo Changu

Ijumaa. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na mchana kutwa jua limewaka juu ya migomba kana kwamba linanipongeza. Basi na linipongeze! Leo sina unyenyekevu hata chembe.

Kipimo changu kimepita.

Ngoja niandike tena, kwa raha zangu: kipimo changu kimepita!

Mwaka mzima nimekuwa nikitengeneza kipimo cha upweke kwa akina mama waliojifungua karibuni. Mwalimu wangu wa chuo, tunayemwita Dokta, alitaka tutumie dodoso lililotoka nje, lile linalomuuliza mama ni mara ngapi marafiki wamemwalika chakula cha jioni. Jamani! Huku vijijini Kamuli nani anaandika mialiko ya chakula cha jioni? Jirani akikukuta unakula, unamsogezea sahani, basi. Nikasema nitatunga letu, kwa maneno yetu. Akakubali shingo upande, kwa sharti moja: majibu yasipoeleweka kufikia leo, tunarudi kwenye lile la nje na langu linakwenda kapuni.

Mimi na jeuri yangu nikajiona nimebuni kitu. Badala ya kuwachosha watu na "nakubali sana, nakubali kiasi", niliwapa kikombe na akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayowapa wageni. Nasoma sentensi. Kama haikuhusu, acha kikombe kitupu. Kama inakuhusu kabisa, weka punje tano. Rahisi, tena ya nyumbani. Nilijisifu mpaka nikawakera watu.

Majibu yalipokuja nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tano, tano, tano. "Nina mtu wa kumweleza yanayonisibu": tano. "Kuna siku nalia na sina wa kumwambia": tano vilevile! Kuna mama mmoja wa Kamuli, hapa nitamwita Jenerosa kwa sababu jina lake halisi si la kuwekwa mtandaoni. Ameolewa mbali na kwao, na mumewe anafanya kazi mkoa mwingine. Huyo alijaza kikombe kwa kila sentensi, huku akitabasamu. Dokta alizitazama takwimu akaniambia, "Asteria, hapa hujapima chochote." Nililia, na sioni haya kusema.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa kwa mama, akaingia jirani. Mama akaniambia nimletee mgeni kahawa. Kichwa changu kilikuwa kwenye takwimu, nikachota punje mbili tatu nikaziweka kwenye kisahani. Mama alinikata jicho mbele ya yule jirani.

"Mawe!" akamaka kwa kilugha chetu, kama mtu anayesema 'mama yangu!' "Hizo ni za mgeni au za kuku?"

Jirani akacheka. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya sebule na kisahani changu mkononi, mdomo wazi.

Mimi, mzaliwa wa hapa, niliyesemwa tangu utotoni kwa kumbania mgeni kahawa! Niliingia nyumbani kwa watu nikiwa mgeni, nikawashikisha kahawa, nikawaomba waniwekee kikombeni mbele ya macho yangu. Nani angeniwekea punje moja aonekane mchoyo? Mwingine mama mkwe wake alikuwa ameketi pale pale. Akina mama wa watu hawakuwa wakijibu maswali yangu, walikuwa wakinikirimu.

Nikaanza upya. Kahawa niliiacha, nikachukua maharage makavu, ambayo hakuna anayemkaribisha nayo mgeni. Kikombe nilikiweka miguuni pa mama anayejibu, si mbele yangu. Na tulikaa nje, pale wanapochambulia maharage, mbali na masikio ya wakwe.

Nilipomsomea Jenerosa ile sentensi ya kuwa na mtu wa kumweleza yanayomsibu, alikitazama kikombe, akamtazama mtoto, hakuweka kitu. Nikasubiri. "Ni hivyo hivyo, dada," akasema. "Endelea." Siku ile nilimwomba ruhusa nimwambie muuguzi wa kliniki, naye akakubali. Tangu hapo muuguzi humtembelea, na amemwingiza kwenye kikundi cha akina mama wanaolima kwa zamu.

Leo asubuhi nilikuwa Rubwera, nimetoka kufuatilia kibali ofisi za wilaya, Dokta akapiga simu. Mama waliojibu mara mbili, na maisha yao hayajabadilika, wamejibu karibu vilevile. Sentensi zinazopingana zimepingana kama inavyotakiwa. Na wauguzi, ambao hawakuonyeshwa majibu, walipoulizwa ni akina nani wanawatia wasiwasi, wengi waliowataja ni walewale ambao kipimo kiliwaona. Kisha Dokta, mwanamke asiyesifu hata mvua ya kwanza baada ya kiangazi, akasema, "Hongera. Tunatumia la kwako."

Nilipiga kigelegele pale pale barabarani. Bodaboda mmoja akasimama akidhani ninamwita, nikapanda hivyo hivyo, nikamwambia twende Kamuli.

Maana kuna jambo takwimu za Dokta zilikuwa hazijalijibu, nalo lilinikaa rohoni. Maisha ya mtu yakianza kubadilika, je, kipimo kitaona?

Jenerosa alinipokea kwa bashasha, akaniletea kahawa, kikapu kimejaa mpaka juu. Nikatafuna kama mgeni mwenye adabu zake. Kisha tukatoka nje, nikampa maharage na kikombe, nikamsomea sentensi ileile.

Akaweka punje moja.

Akafikiri kidogo, akaongeza ya pili, akafumba kiganja.

"Bado, dada," akasema, "lakini wapo wawili watatu sasa." Akamtaja muuguzi, na mwanamke mmoja wa kikundini anayekuja kumbebea mtoto yeye akilima. Nilitaka kumkumbatia pamoja na maharage yake yote! Mwaka mzima nimehangaika na hesabu ili mama mmoja aweze kuniwekea mbili, na nijue kweli ni mbili.

Sasa niko nyumbani Nyakahanga, miguu ina tope mpaka magotini na sina hata haja ya kunawa. Kuanzia kesho tunakwenda kata nyingine. Kwa Jenerosa nitarudi baada ya mavuno ya kahawa, na sitamwombea tano.

Naomba tatu.