Vigelegele vya Saa Nne Asubuhi

Jumapili, 7 Septemba 2025

Shemeji yangu Tajudini, mwalimu wa judo, ametufundisha leo la kufanya jambazi mwenye silaha akiingia nyumbani. Mikono ionekane. Usimkaribie. Mali mwachie. Ongea polepole. Nilijaribu yote, nikacheka hadi mbavu zikauma. Mama mkwe wangu, mama Khadidja, alikaa mkekani anachagua mchele, hata kichwa hakunyanyua. Nikajisemea: huyu, siku ikifika, itabidi nimbebe mgongoni.

Jumanne, 9 Septemba



Saa nne asubuhi. Mume wangu Shaabani yuko Kigoma kununua vipuri. Mtu mwenye kofia na rejista akabisha getini, eti anasoma mita ya maji. Nikamfungulia mwenyewe, mimi mwanafunzi hodari wa juzi! Chini ya rejista, bastola. Akataka simu zote na ufunguo wa stoo.

Nilikuwa na mkasi wa kushonea mkononi. Nikaanza kutafuta pa kumchoma. Mama, pale pale mkekani uani, akanishika kifundo cha mguu, kwa nguvu. Akamwambia yule mtu taratibu, "Chukua tu, baba. Atuna shida na we." Akaweka viganja juu ya magoti. Akajisogeza, njia ya geti ikawa wazi.

Halafu akapiga vigelegele.

Virefu, vya harusi! Mtu akatoa macho. "Mama, we unafurahia nini?"  Fatouma wa nyumba ya pili alishaitikia, bila kujua anaitikia nini. Akaitikia wa nyuma, wakaitikia wa ng'ambo ya barabara. Sijameza mate, ua umejaa wanawake, wengine na unga mikononi. Jirani yetu Dative alikuja na kopo la poda, kama tufanyavyo mtu akipata heri. Mwanaume pale alikuwa mmoja tu, basi Dative akadhani ndiye mposaji. Akammwagia kichwa kizima. Bastola ikarudi chini ya rejista. Jambazi akatoka kinyumenyume, mweupe pepepe, huku anapewa pongezi.

Mama alingoja geti lifungwe ndipo akasema yule alikuwa nani. Dative akakaa chini na kopo lake. 

Jumatano, 10 Septemba

Tajudini amekuja na daftari, akakaa mbele ya mama kama mtoto wa madrasa. Akamuuliza kwa nini hakupiga kelele za mwizi.

"Ukilia mwizi, watu wanafunga milango. Ukipiga vigelegele, nani anabaki kwake?"

Tajudini akasema ilikuwa hatari, mtu angeweza kufyatua risasi.

"Najua. Njo maana nilimuachia njia."

Tajudini aliandika hilo. Nimeishi na mama huyu miaka sita nikidhani namjua. Leo nilipompelekea chai nilipiga goti bila kuambiwa. Subhanallah. Nimeona haya kwa yote niliyomfikiria.

Ijumaa, 12 Septemba

Shaabani amerudi. Polisi wameandika maelezo, basi. Anasema tunahama mtaa huu wa Jabe, amepata nyumba mtaa wa Gasenyi yenye ukuta mrefu na waya juu. Hajalala tangu asikie habari. Simlaumu.

Jumamosi, 20 Septemba

Gasenyi. Naandika kwenye kibaraza cha nyumba tupu, Shaabani anapima vyumba. Nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Maji ndani, jiko pana, geti la chuma. Mwenye nyumba anajisifu: hapa utulivu, husikii mtu na mtu hakusikii.

Nimemuuliza huyo mwenye nyumba, jirani wa kulia anaitwa nani. Akafikiri. Yeye mwenyewe yuko hapa miaka minane. "Sijui jina lake, madame. Ni mutu muzuri. Ana gari, voiture nyeupe."

Mkataba una majina mawili, la Shaabani na langu. Yeye ameshatia sahihi. Ananiita nami nitie, lakini anataka nimshushe mama kwanza aone chumba chake. Nimekwenda garini mara mbili. Hashuki. Mara ya pili ameniangalia, akauliza, "Lubna, we unaonaje?"

Miaka sita hajawahi kuniuliza naonaje, hata chumvi ya mboga. Nimesema nakuja, nikarudi hapa kuandika.

Shaabani anaita tena, kalamu ya mkataba anayo mkononi. Naenda kwanza garini kumjibu mama: hapa ukipiga vigelegele, nani ataitikia?