Matawi Manne

Tawa, 8 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, ni mgongo tu unaolalamika. Wewe hujambo? Na macho, yameacha kuwasha? Msalimie Mzee Mutie, maana najua ndiye anayekusomea haya sasa hivi, amekikalia kile kiti chako kizuri. Ningepiga simu, lakini tangu uliposema kwenye simu unasikia upepo tu, nimezoea kuandika.

Nilipotoka kwako Mutomo nilipitia Mtito Andei, nikalala gesti ya madereva wa malori, na asubuhi nikapiga picha za ndege wawili ambao sijawahi kuwaona. Lakini hakuna aliyemfikia yule wa kwako. Miaka kumi natembea na kamera hii kila shule zikifungwa, na sikuwahi kukutana naye: mgongo wa kahawia, doa jekundu kifuani, mume na mke wanaitikiana juu ya mti kama wanakwaya. Wewe uliwasikia miaka yote na hakuna aliyekuamini! Picha ya mama akilisha makinda imetoka safi, haina hata kivuli. Nimeiweka humu.

Asante kwa muthokoi. Bado nimeshiba.

Mwanao,
Nzisa

Mutomo, 29 Aprili 2024

Nzisa mwanangu,

Bwana asifiwe. Sisi tuko, mvua imenyesha mara mbili ikaona inatosha. Mgongo umepona? Mwandiko huu ni wa Mama Ndila wa kanisani, usishangae. Mutie hatii mguu kwangu tena.

Ndege wangu wamenyamaza. Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka sikusikia filimbi asubuhi. Nikaenda mpaka kwenye ule mgunga, nikapapasa, maana mikono ndiyo macho yangu, miiba ikanichoma. Upande wa kiota hauna hata jani moja. Makinda yote mawili yamekauka kwa jua, nimeyashika kwa mkono wangu. Nani amekula matawi kama si mbuzi wa Mutie? Mara ngapi nimemwambia awafunge? Alikuja, nikamsikia akizunguka mti mpaka kichakani, akarudi, akasema, "Kalondu, si mbuzi wangu." Nikamuuliza, basi ni wa nani, wa serikali?

Miaka ishirini amenisomea barua na Biblia. Sasa nasomewa na Mama Ndila, ambaye anaruka majina magumu. (Amekubali kuandika hivyo, ni mtu mzuri.)

Ni mimi shangazi yako,
Kalondu

Tawa, 20 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Mitihani ya wanafunzi imenibana, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Mimi ni mzima. Miiba haikukuumiza sana?

Makinda ya porini hufa kwa sababu nyingi. Labda ni jua kali tu la mwaka huu. Msamehe Mzee Mutie, mbuzi hana akili, na nyinyi ni majirani wa siku nyingi. Nimempa dereva wa basi pakiti mbili za majani ya chai akuletee.

Mwanao,
Nzisa

Mutomo, 2 Septemba 2024

Mwanangu Nzisa,

Miezi mitatu kimya! Unaumwa? Umeolewa bila kutuambia? Majani ya chai yalifika, nimeyamaliza nikikungoja.

Uliniambia nimsamehe Mutie. Nikasema sawa, lakini akiri kwanza. Nikamwita mbele ya wazee wa kanisa. Akasema, "Haya. Ni mbuzi wangu." Siku ya soko akawapeleka wote, hata yule mweupe aliyekuwa anamfuata mpaka chooni. Nilidhani nitafurahi. Sasa kwake hakuna mlio, na kwangu hakuna mlio, na tunapitana njiani kama watu wasiojuana.

Wewe ulikaa karibu na kile kiota asubuhi nzima. Niambie tu kwamba uliwaona hao mbuzi, moyo wangu utulie.

Shangazi yako,
Kalondu

Tawa, 17 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado nina haki ya kukuuliza hali. Barua yako nimekaa nayo zaidi ya miezi miwili. Kila nikishika kalamu naiweka chini, naenda kusahihisha madaftari.

Sikuona mbuzi, kwa sababu mbuzi hawakuwepo. Nilikata mimi. Matawi manne, kwa kisu chako cha jikoni, ulipokuwa ndani unanikorogea uji. Kivuli kilikuwa kinapita usoni mwa yule mama, na mimi nilitaka picha safi. Usidhani sikujua ni vibaya. Nilijua, ndiyo maana niliyatupa nyuma ya kichaka, usije ukayakanyaga. Nikajiambia yatachipuka. Kisha nikanawa mikono, nikaja kunywa uji wako, nikausifu.

Ulipoandika mara ya kwanza ningeweza kusema neno moja tu. Badala yake nikakwambia umsamehe mtu kwa kosa langu. Nikiwaza yule mbuzi mweupe nashindwa kula.

Ile picha imechaguliwa kwenye kalenda ya chama chetu cha wapenda ndege, mwezi wa Aprili, jina langu chini yake. Watu wananipongeza, nasema asante. Nimekuwekea nakala ya kalenda humu uichome jikoni, mimi sikuweza. Krismasi sitakuja, sina uso wa kukuletea. Na Mzee Mutie sijui nitamwambia nini.

Nisamehe kama unaweza.

Mwanao,
Nzisa

Mutomo, 1 Desemba 2024

Mwanangu Nzisa,

Bwana asifiwe sana. Ukiangalia mwandiko umeshajua. Ndiyo, ni Mutie! Bahasha ilikuja nene, na Mama Ndila amesafiri Mwingi kwa binti yake. Nikaishika siku mbili, nikidhani ni habari ya ugonjwa. Siku ya tatu nikasimama uani nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mutie, wee, njoo na miwani!" Akaja. Alisoma polepole, katikati akanyamaza, nikadhani ni kile kikohozi chake.

Uliposema unakuja Krismasi, nililia. Kalenda nimeitundika juu ya redio, na Mutie amenieleza picha yote, mama, makinda, mpaka lile doa jekundu. Nimemwambia mambo ya mbuzi yameisha. Yeye anaendelea kuandika tu.

Jana asubuhi nilisikia filimbi moja, mbali. Haikujibiwa. Ukija tutasikiliza wote.

Shangazi yako anayekungoja,
Kalondu

Nzisa, haya ya chini ni yangu, sijamsomea.

Matawi yako niliyaona nyuma ya kichaka siku ile ile. Mbuzi hutafuna, hakati sawasawa kwa kisu. Nilinyamaza kwa sababu katika watu wa damu yake, ni wewe tu unayekuja kumwona. Barua yako nimeisoma yote kwa macho, na kwa mdomo nikamsomea nyingine. Miaka ishirini sijawahi kumbadilishia hata neno moja kwenye barua. Hii ni mara ya kwanza na imenikosesha raha, sitarudia.

Nimesema unakuja Krismasi, basi uje. Barua nimeihifadhi kwenye Biblia yangu. Nitakupa mlangoni, na utamsomea wewe.

Mzee wako,
Mutie